Waume wa Kona ya Bluu

Mama Cherehani alikuwa anabadilisha zipu ya suruali ya mwalimu, zipu iliyokwisha kumwaibisha mwalimu mbele ya darasa zima, pale mwanamume mmoja mwenye kaptula ya kubana alipoegemeza baiskeli ukutani na kuingia ndani bila hodi. Alivua kofia ngumu, akaitundika kwenye msumari wa nyuma ya mlango. Akachota maji mtungini, akanywa, akaketi kwenye kiti kibovu na kulalamika kwamba ni kibovu.

"Nilisema nitakitengeneza hiki," alisema.

"Ulisema," alijibu Mama Cherehani, pini zikiwa mdomoni.

"Na maharage? Chumvi umetia vizuri leo?"

"Onja kwanza ndiyo ugombe."

Hakuinua macho mpaka zipu ikakaa. Mgeni alikuwa mtu wa makamo, ndevu zimechongwa, mkononi saa ya kuhesabu mapigo ya moyo. Mama Cherehani hakuwahi kumwona maishani. Alikuwa mume wake wa tatu wiki ile, na hakuwa mbaya sana. Yule wa Jumatatu alikuja na kikohozi tu, mazungumzo hana.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini waliosema hivyo hawakuwa na waume wa kuja kwa baiskeli na kuondoka kabla ya chakula cha jioni, kwa hiyo Mama Cherehani alitoa jembe saa ileile. Siku hiyo ilikuwa shoka. Mume alipasua kuni hadi jasho likamtoka puani, akala maharage, akasema chumvi haijatosha, akaenda mwenyewe kuichukua kwenye kopo lililofichwa nyuma ya mlango. Jua lilipoanza kulala Mama Cherehani alimwambia, "Haya, nenda kaoge." Mume akashuka hotelini, akaoga, na mezani alikuwa amerudi kuwa wakala wa bima, mwenye malengelenge viganjani, na lawama akautupia usukani.

Mambo yalikuwa hivi. Chini bondeni, kando ya mto, palikuwa na nyumba za mawe. Hazikuwa kijiji cha kuandikwa kwenye ramani. Zilikuwa nyumba tu, kila moja kwenye kona yake ya mto, na vijishamba vyake, na wenyewe wakisengenyana na kugombea mbuzi kama watu wengine. Kisha ofisi fulani ikaona kwamba bonde lile ni zuri mno kukaliwa. Wageni walipenda kuendesha baiskeli kwenye barabara ya changarawe. Lami walikuwa nayo kwao na walikuwa wameichoka. Walitaka mto upande huu, vilima upande ule, na katikati pasiwe na kamba iliyoanikwa chupi za mtu. Basi wenye nyumba wakapandishwa juu mwinukoni, penye upepo, wakapewa mabaki ya mawe na bati wajijengee.

Ofisi iliahidi kwamba mawe ya kila nyumba ya bondeni yatatunzwa mpaka mwenyewe aje ayachukue. Hapo ndipo watu wa bondeni walipofanya kosa lao. Walipaka rangi. Walipaka nyumba nzima, ndani na nje, sakafu, jiko, mpaka choo, ili mawe ya huyu yasije yakachanganyika na ya yule. Kila nyumba ilichagua rangi yake na jirani hakuruhusiwa kurudia. Ugomvi wa nani achukue kijani ulivunja uchumba. Mama Cherehani alichukua bluu kwa sababu shule ilikuwa na ndoo ya bluu iliyobaki. Kwa siku chache bonde lilipendeza kuliko lilivyowahi kupendeza. Kisha ukaletwa mtambo wa kusaga mawe, ukatafuna nyumba zote, na kokoto za kila nyumba zikamwagwa barabarani palepale iliposimama, kwa kuwa kubeba mawe ni kazi na waliolipwa kubeba hawakupenda kazi.

Wageni walifurahi kupita kiasi. Njano darajani, waridi penye mteremko, bluu konani. Kijitabu cha hoteli kilieleza kuwa rangi hizo zinatokana na mwamba wa asili wa bonde. Watu wa mwinukoni walikisoma, wakakirudisha.

Vumbi lilianza kazi yake kiangazi cha kwanza. Mtu akipita kona ya bluu na kuvuta vumbi lake, basi alikuwa mtu wa nyumba ya bluu mpaka aoge. Kokoto za jikoni zilitoa mawifi wenye maneno. Za sebuleni zilitoa wajomba wa kukaa miguu juu ya meza. Za chumbani zilitoa waume. Za choo zilikuwa chache, na waliopitia hizo walipanda mwinuko mbio, wakapitiliza hadi nyuma ya nyumba, salamu zikaja baadaye. Wageni wengi walikimbilia bafu la hoteli, wakabaki tu na wasiwasi kwamba wameacha chungu motoni. Lakini waliosimama kupiga picha, wakapumua kwa nafasi, hao walirudi nyumbani. Jirani wa nyumba ya njano alipata wajukuu wengi kwa mpigo, wote wana mvi, wote wanataka kubebwa.

Hakuna aliyeshangaa. Watu wale walikuwa wameondolewa kwenye nyumba zao na ofisi ambayo sasa ilisema nyumba hizo hazikuwahi kuwepo. Baada ya hilo, kuitwa "mke wangu" na wakala wa bima ni jambo dogo.

Na hilo la nyumba kutokuwepo ndilo lililomnyima Mama Cherehani usingizi. Sheria ilikuwa wazi: aliyekuwa na nyumba bondeni aliruhusiwa kurudi kwenye kiwanja chake, kando ya barabara, akajenga upya. Alitakiwa tu kuthibitisha kuwa nyumba ilikuwepo. Ramani ya ofisi ilionyesha bonde tupu, na ukishuka kutazama unakuta kweli ni tupu. Kwa hiyo alitakiwa shahidi aliyeiona nyumba kwa ndani, asiye ndugu wa damu wala wa ndoa, wala jirani mwenye madai yake mwenyewe. Jirani wote walikuwa na madai. Waliobaki walikuwa ndugu.

Mama Cherehani alitaka kurudi, na hakutaka kwa sababu ya biashara. Mumewe aliijenga nyumba ile kwa mikono yake na akafia ndani yake, kabla ya mambo ya rangi. Yeye tangu aolewe alikuwa amelala akisikia mto. Kule juu alisikia bati. Alitaka afe akiusikia mto, hayo tu, wala hakuona kama ni mengi.

Kwa hiyo siku moja alipojiwa na mume mzuri, daktari wa meno mstaafu aliyekuwa amekaa konani muda mrefu akibadilisha tairi lenye pancha, hakumpa shoka. Alimshika mkono wakashuka hadi ofisini, yeye na kanga yake ya kutokea, mume na kaptula yake.

Afisa wa Njia aliwapokea vizuri. Wote walimwita Mkubwa, kwa cheo na kwa umbo. Ofisini mwake mlikuwa na feni, picha ya bonde yenye fremu, na kiti cha wageni kilichokatwa miguu kikawa kifupi kuliko chake.

"Shahidi wako huyu?" aliuliza.

"Huyu."

"Ehe, baba, nyumba unaijua?"

"Naijua vipi tena?" alisema daktari wa meno. "Mlango unakwama mvua ikinyesha, lazima uupige goti. Ukiingia, mkono wa kulia ni jiko, moshi unatokea dirishani kwa sababu bomba nililiweka vibaya. Chumbani kuna ufa unaoshuka hivi, hivi, mpaka kitandani. Cherehani iko sebuleni, inatazama ukuta, na kila siku nasemwa kwa sababu hiyo."

Mkubwa alisikiliza yote akiitikia kwa kichwa. Alivutiwa hasa na ule ufa.

"Vizuri sana. Na wewe ni nani wake mama huyu?"

"Mume wake."

Mkubwa alifunga kalamu yake. "Ndugu wa ndoa," alisema. "Hafai."

Mama Cherehani hakuwa mtu wa kukata tamaa mapema. Kesho yake asubuhi alimfuata daktari wa meno hotelini, akamkuta ameoga, ananukia sabuni, anapaka mkate siagi. Alikuwa mtu mpole. Alikubali kwenda ofisini tena ingawa hakukumbuka kuwahi kwenda. Mkubwa alimuuliza kama yeye na mama huyu wana undugu wowote, akasema hapana, ndiyo kwanza wanafahamiana. Akaulizwa kuhusu nyumba.

"Nyumba?" alisema daktari wa meno. "Nakumbuka kona nzuri sana. Mandhari ya ajabu. Palikuwa na nyumba?"

"Unaona, mama," alisema Mkubwa bila ubaya wowote. "Anayejua ni ndugu. Asiye ndugu hajui. Sheria haina ugomvi na mtu."

"Dua la kuku halimpati mwewe," alisema Mama Cherehani akiinuka kwa taabu kutoka kwenye kile kiti.

Mkubwa alikubali kwamba methali hiyo ni nzuri.

Mama Cherehani alikuwa na mtoto mmoja, mwanamume mzima, ambaye bonde zima lilimwita Breki. Breki alikuwa mwongozaji wa wageni. Alitangulia mbele na baiskeli yake, akawaonyesha wageni ndege, akawaambia majina ya vilima, mengine ya kubuni, na alipokaribia kona ya bluu alitoa kitambaa mfukoni akajifunga puani. Aliwaambia wageni ana mafua. Alikuwa na mafua mwaka mzima. Nyumbani kwa mama yake alikuja asubuhi, kabla ya wageni kuamka, akaacha sabuni na sukari, akaondoka.

"Wageni ni wengi leo, baba yako mmoja hatakosa kuja," Mama Cherehani alimwambia siku moja. "Kaa umwone. Huyu atakuwa na kile kicheko cha baba yako mwenyewe, nahisi."

"Mama, mimi sitaki baba wa vipande."

"Mimi je? Unadhani mimi nilitaka wa vipande?"

Breki alimpenda baba yake kuliko alivyowahi kumwambia, na kila alipokatiza juu ya zile kokoto kwa tairi pana aliona kama anamkanyaga kifuani. Hilo nalo hakuwahi kumwambia mtu. Alipanda baiskeli akateremka, amebana breki njia nzima, kama kawaida yake tangu utotoni.

Ikafika sherehe ya ofisi ya kuadhimisha barabara, na ikatangazwa kwamba Mkubwa mwenyewe ataongoza msafara, kamera zikimfuata. Mkubwa alikuwa hajawahi kupita barabara ile ila kwa gari, vioo juu. Alikuwa na makalio mapana na heshima pana zaidi, na vyote viwili viliogopa tandiko la baiskeli. Lakini amri ilitoka juu. Ofisi ilimnunulia kaptula ya kubana yenye sponji, saizi moja kwa maafisa wote, kwa imani kwamba maafisa wote wana makalio mamoja. Ilimfika magotini ikakataa kuendelea. Fundi wa karibu aliyeaminika alikuwa Mama Cherehani.

Alimpima kwa adabu. Alimzungushia futi, akaongeza vipande viwili vya kitambaa ubavuni, akavishona mara mbili, mshono ambao hata punda asingeupasua. Mshono wa nyuma, ule unaogawa pande mbili, aliufumua wote akaupiga bandi. Bandi ni mshono wa muda, wa kushikilia nguo mpaka fundi aishone sawasawa. Ukitembea unatulia, ukichuchumaa unaachia. Mama Cherehani aliijua kona ya bluu. Alikuwa amepandisha ndoo za maji pale miaka yote ya ndoa yake. Alijua kwamba mtu mzito hawezi kupita pale bila kusimama kwenye pedali, na kwamba akishafika juu lazima aketi kwa kishindo.

"Inabana?" alimuuliza.

"Inapendeza," alisema Mkubwa, akijitazama kwenye kioo cha ukutani.

Siku ya sherehe ilikuwa kavu na nzuri. Mkubwa aliongoza msafara akitokwa jasho na kupunga mkono. Alipita njano salama. Alipita waridi akishikiliwa na Breki kwa nyuma. Konani alisimama kwenye pedali, akapanda, akaketi kwa kishindo, na mshono ukaachia kuanzia juu hadi chini. Mkubwa alipeleka mikono yote miwili nyuma kujisitiri. Baiskeli haiendeshwi bila mikono. Alianguka kifudifudi kwenye bluu, na kwa kuwa alikuwa katikati ya kueleza kamera jinsi bonde lilivyokuwa tupu tangu zamani, kinywa kilikuwa wazi. Alimeza vumbi na kokoto kadhaa. Watu wa kamera, kwa adabu, waligeuka wakapiga picha mto.

Alasiri, Mama Cherehani alikuwa anapiga pasi kola aliposikia mtu nje ya mlango akikohoa mara mbili.

Aliweka pasi chini. Waume wengine wote waliingia tu, hata yule wa kikohozi alikoholea ndani. Marehemu ndiye aliyekuwa akikohoa mara mbili nje ya mlango wake mwenyewe, ili mkewe ajue anarudi akiwa hajalewa.

Mkubwa aliingia, koti amelifunga kiunoni, mdomo umevimba. Alikwenda kwenye kile kiti, akakishika mgongo, akakigeuza kutafuta mguu ulio mzima, kisha akaketi upande.

"Umeshinda salama?"

"Salama. Umechelewa."

"Nilipitia mtoni. Maji yameshuka." Aliangalia bati, akaangalia kuta. "Hii nyumba ya nani? Yetu iko wapi?"

"Umeitafuna."

Mume alitoa kokoto iliyokwama jinoni, akaitazama kwenye mwanga. "Bluu? Nani alipaka bluu?"

"Mimi."

"Bila kuniuliza."

"Ulikuwa umeshakufa."

"Hata hivyo," alisema, na alikuwa amekasirika kweli.

Mama Cherehani alicheka mpaka akashika ukuta. Huyu hakuwa kipande. Huyu alikuja mzima, na ubishi wake, na njia yake ya kujikuna kisigino kwa kidole gumba cha mguu mwingine, vyote vikiwa ndani ya mwili wa mtu aliyevunja nyumba. Alimpakulia maharage. Mume akaonja, akaenda nyuma ya mlango kuchukua chumvi.

"Lile dirisha," alisema akiwa amempa mgongo.

Tangu waoane Mama Cherehani alikuwa akimwomba atoboe dirisha upande wa mto, ili ashone huku akiyaona maji. Kila mwaka aliambiwa kiangazi kijacho. Walikuwa wamegombana juu ya dirisha hilo asubuhi ileile aliyokufa, na neno la mwisho mke alilomwambia lilikuwa "mvivu".

"Ningelitoboa," alisema mume. "Niliogopa ukuta ungeanguka. Nilijenga kwa pupa, sikuujengea vizuri upande ule. Nikaona aibu kukwambia."

"Ungeniambia."

"Ndiyo nakwambia."

Mama Cherehani alilia, kwa sauti, bila kuona haya, akaichukua pasi akamalizia kola kwa sababu mwenye shati angelifuata jioni. Alikuwa amembeba mtu yule kifuani na lile neno "mvivu" kwa miaka, na sasa alilitua.

Breki alifika akiwa ametumwa na ofisi kumtafuta Mkubwa. Alisimama mlangoni, kitambaa puani.

"Umekonda," alisema yule mtu aliyekuwa kitini.

Breki aliyatazama yale makalio, na ule mdomo uliovimba, na kile kidole gumba kinachokuna kisigino. Alivua kitambaa taratibu.

"Nakula, baba."

"Bado unaogopa mteremko?"

"Kidogo."

"Si vibaya. Wasioogopa wako mtoni." Alisogea, akampa mwanawe nusu ya kiti, na Breki, aliyekuwa mtu wa miaka zaidi ya thelathini, alikaa pale kama alivyokuwa akikaa, bega kwa bega. Walizungumza habari za mbuzi waliokwisha kuliwa zamani. Kiti kiliwavumilia.

Mama Cherehani alikumbuka jambo lililokuwa na maana kuliko yote. Alileta karatasi ya madai na kalamu. "Weka sahihi hapa, kwamba nyumba ilikuwepo."

"Ilikuwepo! Nani anasema haikuwepo?"

"Wewe."

Mume alisaini kwa hasira, akakandamiza. Breki aliinama kutazama. Ilikuwa sahihi ya baba yake, yenye mkia mrefu unaojikunja kama wa panya.

"Mama," alisema, "amesaini baba."

"Naona."

"Mkubwa hajasaini. Mkubwa hayupo."

"Naona, mwanangu. Na baba yako ni ndugu." Aliukunjia ule mkia ndani ya karatasi, akaiweka kifuani. Hata hivyo alifurahi kuuona.

Chini barabarani dereva alianza kupiga honi. Mama Cherehani angeweza kufunga mlango. Kuni zilikuwepo, maharage yalikuwepo, na mume asipoambiwa aoge haogi. Alilifikiria jambo hilo kwa dhati, mkono ukiwa kwenye komeo. Halafu akamfikiria mwanamke mwingine huko mjini, anayesikiliza kama gari limefika. Mume wa mtu ni mume wa mtu, hata kama ni mjinga. Akabandika maji motoni mwenyewe.

"Nitarudi lini?" aliuliza mume akipokea ndoo.

"Ukipita."

Aliingia bafuni, uzio wa mabati nyuma ya nyumba, akaanza kujimwagia maji huku akiimba wimbo wake, ule ambao hakuwahi kuupatia sauti. Mama Cherehani alisimama nje ameshika taulo. Breki alisimama karibu yake. Wimbo ulifika katikati ya ubeti wa pili ukakatika.

Maji yalidondoka kidogo.

"Nani yuko hapo nje?" iliuliza sauti ya Mkubwa. "Na kaptula yangu iko wapi?"

Mama Cherehani alikwenda ndani akaishona, safari hii mara mbili, akampa.

Wiki iliyofuata Breki alikuja na tindo na nyundo. Alitoboa ukuta upande wa bondeni, akaweka fremu, na Mama Cherehani akasogeza cherehani mbele yake. Mto ulionekana kwa mbali sana, mwembamba kama uzi uliodondoka. Haukusikika. Breki aliacha kuvaa kitambaa, na wageni walimsifu kwa kupona mafua.

Mvua zikaja, zikapita. Kiangazi kilipokauka Mkubwa alipanda mwinuko kwa miguu, na futi ya chuma na chaki. Nje ya mlango alikohoa mara mbili, akaingia. Aliketi kwenye kile kiti, akasema ni kibovu.

"Barabara imechoka, mama," alieleza. "Kokoto zimezama, wageni wanalalamika. Ofisi imeona mawe ya hapa mwinukoni yanafaa."

"Haya mawe ya nyumba zetu?"

"Mawe ya mwinukoni. Ramani inaonyesha hapa ni patupu."

"Na sisi?"

"Juu zaidi. Kuna hewa."

Aliinuka kupima. Alipima ukuta wa mlango, na wa jikoni, na katikati ya kazi alinyoosha mkono nyuma ya mlango, akachukua chumvi kidogo kwenye kopo, akailamba, akarudisha kifuniko. Alipofika dirishani alisimama. Akalitazama kwa muda.

"Hatimaye," alisema.

Kisha akalipima, akaliondoa kwenye hesabu, maana dirisha halina mawe.

"Safari hii ofisi imejifunza," aliendelea. "Wageni wanapenda rangi. Kwa hiyo tunawaomba wenyewe mchague mapema, msigombane."

"Bluu," alisema Mama Cherehani, mguu ukiwa kwenye pedali ya cherehani.

"Bluu ipo tayari kule konani. Ningeshauri kitu kipya. Zambarau, labda."

"Bluu. Waume zangu wamezoea bluu. Sitaki wapotee njia."

Mkubwa aliona kwamba hiyo ni sababu ya kutosha. Aliweka alama kubwa ya chaki ukutani, chini ya dirisha, akapangusa mikono. Na kwa kuwa kuni zilikuwa zimekwisha, alichukua shoka mahali pake akatoka nje.